Somo: Kuufundisha upya mguu ulioteguka ili utue vizuri

Mchezaji wa netiboli au wavu anateguka kifundo, anakaa benchi hadi maumivu yaishe, anarudi uwanjani, na mguu uleule unateguka tena. Hadi watu 4 kati ya 10 hubaki na kifundo kilicholegea baada ya kuteguka mara ya kwanza. Sababu kubwa ni kwamba tunapima kupona kwa maumivu, wala hatuangalii anavyotua.

Kano inayoumia mara nyingi zaidi ni ile ya mbele ya jicho la nje la mguu. Mna neva ndani yake zinazoueleza ubongo unyayo umekaaje. Kano ikichanika, taarifa hizo huvurugika. Misuli ya upande wa nje wa muundi ndiyo inayozuia unyayo usipinduke kuingia ndani, lakini mguu huteguka kwa muda mfupi mno. Misuli ikingoja unyayo uguse chini ndipo ikaze, imeshachelewa. Lazima iwe imekaza mchezaji akiwa bado hewani, na hapo ndipo wengi wenye kifundo kilicholegea wanapokwama: unyayo unafika chini umelalia ukingo wa nje.

Hatua ya 1. Kama huwezi kupiga hatua 4, au ukibonyeza mfupa wa kifundo kwa nyuma, au mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, unasikia maumivu makali, nenda kapige eksirei kwanza.

Hatua ya 2. Rudisha mkunjo. Simama mbele ya ukuta, uguse kwa goti bila kuinua kisigino. Sogeza mguu nyuma kidogo kidogo, kisha linganisha na mguu mzima.

Hatua ya 3. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30, kisha fumba macho, kisha dakia mpira. Funga tyubu ya baiskeli kwenye unyayo na uusukume kwenda nje, taratibu.

Hatua ya 4. Hapa msiharakishe. Shuka kutoka kwenye kidaraja cha kama sentimita 20, kwanza kwa miguu yote miwili, baadaye kwa mmoja. Vidole viguse kwanza, kisigino kifuate, goti likunjike likielekea kidole cha pili, makalio yarudi nyuma kidogo. Ganda sekunde 3. Mchezaji akitua kwa kishindo, au akirukaruka kutafuta mizani, punguza kimo. Mrekodi kwa simu kutoka nyuma, mtazame pamoja unyayo kabla haujagusa chini: ukingo wa nje ukitangulia, bado hajawa tayari, hata aseme hasikii maumivu.

Akiweza, ongeza mpira wa kudaka, kugeuka hewani, na mwenzake wa kumgusa bega. Kukanyaga mguu wa mwenzio ni chanzo kikubwa cha kuteguka kwenye michezo hii, kwa hiyo azoee kutua akiwa na watu karibu.

Maswali ya wanachama

*Kocha, bibi yangu anasisitiza nichuliwe siku hiyohiyo. Nifanyeje?*
Mwambie bibi kwa heshima asubiri. Kuchua kwa nguvu siku za mwanzo huzidisha damu kuvujia ndani na uvimbe. Funga bandeji, inua mguu, anza kuukanyaga kadiri unavyoweza kuvumilia.

*Nikivaa kishikizo cha kifundo misuli haitadhoofika?*
Kivae mechini bila wasiwasi. Kinapunguza kuteguka tena, hasa kwa aliyewahi kuumia. Ila hakichukui nafasi ya mazoezi ya mizani.

*Nilitegua wa kulia, mbona hata wa kushoto unayumba nikifumba macho?*
Hilo hutokea, kwa kuwa udhibiti unaanzia kwenye ubongo na uti wa mgongo, na jeraha la upande mmoja linaweza kuyumbisha pande zote mbili. Fanyia mazoezi miguu yote, na usitumie wa kushoto peke yake kama kipimo cha kupona.