Daftari la jioni

Bibi yangu alikuwa akijifungia chumbani siku tatu, haongei na mtu. Mama naye vilevile. Zamu yangu ilipofika, mama mdogo akasema tu, "Umechukua kwa bibi yako." Damu ina lake, sikatai: tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba kurithi kunaeleza takriban asilimia 37 ya tofauti baina ya watu katika kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Hayo mengine, yasiyo ya damu, ndiyo niliyoyanunulia daftari.

Kila jioni, kabla ya yote, jipe alama ya namna moyo ulivyoshinda, sifuri mpaka kumi. Alama itangulie, ukianza kuandika kwamba ulilala kwa muda wa saa nne tu, utajipa tatu kwa kujihurumia. Kisha andika saa za usingizi, dakika ulizotembea, vikombe vya kahawa, na kama ulikaa na mtu mkazungumza.

Usiruke siku eti utajaza Jumamosi. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973, wakiwarudia miaka nenda rudi. Kwa njia hiyo waliobainika kuwahi kupata sonona au maradhi ya wasiwasi walikuwa kama mara mbili ya wanaopatikana mtu akiulizwa mara moja, "Umewahi?" Watu husahau hata hilo, sembuse usingizi wa Jumanne.

Wiki mbili za mwanzo usibadili kitu. Baada ya hapo badili kimoja. Mimi niliacha kahawa ya jioni na kuanza kutembea kutoka stendi wiki ileile. Nikapata nafuu, na mpaka leo sijui nishukuru kipi. Tazama pia kilichotangulia, usiku mbaya au siku mbaya, maana moyo mzito nao hufukuza usingizi.

Vipimo vya mate vya "jeni la huzuni" achana navyo. Mwaka 2003 watafiti wa Dunedin haohao walihusisha jeni moja la serotonini, kemikali ya ubongo, na sonona kwa waliopata misukosuko. Mwaka 2019 jeni hilo na wenzake 17 walipopimwa kwa takwimu za mamia ya maelfu ya watu, madai hayakusimama.

Dawa usiiache ili kujijaribu. Alama zikilala chini wiki mbili, nenda kituo cha afya na daftari lako. Ukiwaza kufa, nenda leo hii. Daktari wangu alipekua kurasa zote kimya, kisha akaweka kidole: "Jumapili kuna nini?"