Kung'oa jino bila kujiletea balaa: hatua kwa hatua, kutoka kwa tabibu wa meno wa Dodoma

Mbukwenyi wadau. Mi ni tabibu wa meno hapa Dodoma, mwaka wa 11 sasa nashika koleo, na swali naloulizwa kila siku ni moja tu, "dokta, itauma?" Hakuna anayeniuliza akifika nyumbani afanyeje. Na wengi wanaonirudia wanalia, wakati wa kung'oa hata hawakutoa machozi, balaa wamelipata wenyewe kati ya mlango wangu na kitanda chao.

Hatua ya 1: hakikisha jino ni la kung'oa kweli

Sio kila jino linalouma linang'olewa. Kama limetoboka kidogo linazibwa, kama limefika kwenye mshipa linaweza kutibiwa mzizi likabaki kinywani miaka mingi tu. Najua kutibu mzizi ni gharama na unarudi zaidi ya mara moja, ndo maana wengi wanasema "we toa tu," lakini jino la mbele fikiria mara mbili. Alafu kuna hawa vijana wa kutoka Singida wenye meno ya rangi ya kahawia, ile ni madini ya floridi kwenye maji waliyokunywa utotoni wakati meno yanajijenga, jino halijaoza. Alikuja mmoja anataka nimng'oe manne ya mbele kisa anakaribia kuoa. Nikamwambia kaka hayo meno ni mazima, rangi inatafutiwa dawa.

Na usijaribu maji ya betri. Nasema hivi kwa sababu bado naona watu wanakuja fizi imebabuka nyeupe, jino liko palepale linauma vilevile. Panadol ya kuweka juu ya fizi nayo inaunguza, panadol inamezwa.

Hatua ya 2: kabla hujatoka nyumbani

Kula. Watu wanakuja na njaa wakidhani ni kama wanaenda kupasuliwa tumbo, matokeo yake wanaishiwa nguvu kwenye kiti hata sindano sijaishika. Kunywa dawa zako za presha au sukari kama kawaida. Piga mswaki. Usipige "moja ya kujipa moyo" maana pombe inaongeza damu kutoka na ganzi haikupendi ukiwa umelewa.

Njoo asubuhi. Hii watu wanaidharau sana, unatoka Bahi au Kongwa unafika saa tisa mchana, nakung'oa, ukifika nyumbani giza limeingia na damu imegoma kukata utampata nani? Ukija asubuhi, likitokea lolote bado nipo.

Na niambie kila kitu: presha, kisukari, moyo, mimba, dawa ya kuyeyusha damu, dawa iliyowahi kukuletea vipele au kukubana kifua. Hiyo dawa ya kuyeyusha damu usiiache mwenyewe kisa unakuja kung'oa jino, tutaongea na daktari aliyekuandikia. Kama uso umevimba hadi jicho linafumba, au mdomo haufunguki, au mate hayamezeki, usingoje zamu yangu ya kesho, nenda hospitali kubwa sasa hivi.

Hatua ya 3: kwenye kiti

Sindano ya ganzi inachoma kidogo, kisha tunasubiri kama dakika 5 hadi 10. Mdomo utakuwa mzito, utahisi umevimba, ukijitazama kwenye kioo uko vilevile. Hapo nakugusa kwanza na kichuma chenye ncha, kama unasikia ncha sema, naongeza. Jino lenye usaha mwingi ganzi inalishika kwa shida, ndo maana wakati mwingine nakupa dawa urudi baada ya siku chache, sio kwamba nakuzungusha.

Sasa elewa hili: ganzi inaua maumivu, haiui kusukumwa. Utasikia nalegeza, nasukuma, taya linavutwa, na unaweza kusikia "kraa" sikioni kama mtu kavunja kijiti. Hiyo ni kawaida. Ukisikia maumivu makali inua mkono wa kushoto naacha. Usinishike mkono mimi jamani, nimeshika koleo!

Hatua ya 4: pamba, na hapa ndo kila kitu kinaamuliwa

Jino likitoka linaacha shimo, shimo linajaa damu, damu inaganda inakuwa bonge. Lile bonge ndo plasta yako, limefunika mfupa na mishipa ya fahamu, na nyama mpya inaanza kuota humohumo. Masharti yote nitakayokupa kuanzia hapa ni ya kulinda lile bonge tu, hakuna lingine.

Nakukunjia gozi, kile kitambaa chepesi cheupe cha kufungia vidonda, naweka juu ya shimo, ung'ate kwa nguvu dakika 30 hadi 45. Kung'ata, sio kuishikilia kwa ulimi. Usiongee na simu, usiitoe kila baada ya dakika 2 kuangalia kama damu bado ipo. Ipo, na mate yenye rangi ya pinki yataendelea hata hadi kesho yake, tone moja la damu likichanganyika na mate linaonekana kama ndoo nzima. Meza.

Kuna bibi mmoja wa huko Chamwino nilimng'oa gego asubuhi, saa nane mchana huyo karudi na mjukuu wake, khanga imelowa damu. Shikamoo bibi, kulikoni? "Marahaba mjukuu wangu, umenikata mshipa." Nikamfungua mdomo, nikakuta kitu kimening'inia juu ya jino la jirani, chekundu cheusi, kinateleza kama kipande cha ini. Nikauliza ulikuwa unatema? Akasema sasa mate ya damu nimeze mimi mchawi? Kumbe toka kituo cha daladala anatema dirishani hadi kwake, na kila akitema anavuta lile bonge kidogo kidogo. Nikafuta lile ini lote, nikakunja gozi mpya nene, nikamwambia ng'ata nami nakaa hapa nakuangalia. Nusu saa, damu imekata. Sikumpa dawa yoyote.

Ikikutokea uko mbali, fanya hivyohivyo: futa mabonge yaliyotoka nje ya shimo, kunja kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, au kifuko cha majani ya chai nyeusi kilicholoweshwa kikapoa, ng'ata dakika 30 bila kuachia. Ikigoma, njoo.

Hatua ya 5: saa 24 za kwanza

Usiteme, usisukutue, usinywe kwa mrija, usivute sigara, ugoro usiuguse. Chai na supu ya moto acha, kunywa vuguvugu au baridi. Kusukuma mkokoteni leo hapana, wala mazoezi. Lala umeinua kichwa kwa mito 2. Barafu ifunge kwenye kitambaa, weka shavuni dakika 15, pumzika, rudia.

Dawa ya maumivu meza kabla ganzi haijaisha, usisubiri uanze kulia. Panadol 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8, zisizidi 8 kwa siku kwa mtu mzima. Ibuprofen inasaidia zaidi kwa wengi, ila meza ukiwa umekula, na kama una vidonda vya tumbo, pumu, shida ya figo au mimba iache. Aspirini usitumie ya kujinunulia, inafanya damu ichelewe kukata. Antibayotiki sio za kila mtu, na nikikuandikia flajili basi mvinyo weka pembeni, najua mji wetu ni wa zabibu, lakini unaweza kutapika hadi ujute.

Chakula: uji uliopoa, mtindi, parachichi, na kwa kweli hakuna kitu kizuri kama ugali laini na mlenda, unateleza wenyewe, tafunia upande mwingine. Karanga na bisi hapana. Ubuyu ndo adui kabisa, unaunyonya halafu una mbegu, yaani makosa mawili kwenye mfuko mmoja. Mtoto mchunge asitafune mdomo wake wakati una ganzi, nimeona midomo imechanika vibaya.

Na upepo wa Dodoma hauingii kwenye shimo ukakuua. Watu wanajifunga mtandio siku 3. Funga mdomo tu inatosha.

Hatua ya 6: kuanzia siku ya pili

Maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, mara 4 au zaidi, hasa baada ya kula. Usisukutue kwa fujo, inamisha kichwa huku na huku alafu fungua mdomo yamwagike yenyewe. Mswaki endelea, shimo likwepe. Uvimbe unaweza kuongezeka siku ya 2 na ya 3 kisha unashuka. Ukiona utando mweupe kwenye shimo huo sio usaha, ni kidonda kinapona, acha kuuchokonoa na kijiti.

Hatua ya 7: lini urudi

Maumivu yanatakiwa yapungue kila siku. Yakipoa alafu siku ya 2 hadi ya 4 yakarudi makali, yanapanda sikioni, mdomo unanuka, hapo bonge limetoka na mfupa uko wazi. Mimi mwenyewe yamenikuta, nikiwa chuoni nimetolewa gego la mwisho la chini, jioni yake nikaenda sendofu, soda ya baridi, mrija. Siku ya tatu nilikuwa natembea chumbani saa nane usiku nimeshika shavu, na masharti yote nilikuwa nimeyafanyia mtihani wiki iliyopita. Haliponi kwa panadol hilo, njoo tukusafishe tuweke dawa, mara nyingi nafuu unaipata siku hiyohiyo.

Homa, usaha, uvimbe unaozidi baada ya siku ya 3, au mdomo kukaza: rudi usisubiri. Kama una nyuzi zisizoyeyuka tunazitoa baada ya siku 7 hivi. Fizi inafunga ndani ya wiki chache, mfupa chini yake unachukua miezi. Na kama wiki ya pili au ya tatu ulimi wako ukagusa kitu kigumu chenye ncha kinachomoza, usije na hasira kwamba nimekuachia jino, mara nyingi ni kipande kidogo cha mfupa kinatoka chenyewe. Njoo nikiangalie, kukitoa ni dakika 2.