Somo: Kuzipa komenti klasi ili jibu la mwenye saiti lionekane (WordPress)

Wadau, somo la leo fupi ila lina faida hasa kwa mnaotengeneza saiti za lodge na watembeza wageni huku kwetu Tanga na Pangani. Mgeni anauliza boti ya kisiwa cha Maziwe inaondoka saa ngapi, wenzake wanarukia kujibu kila mtu na lake, jibu la mwenye boti mwenyewe limekaa katikati halina tofauti na mengine, sa mtu aamini lipi? WordPress tangu toleo la 2.7 la mwaka 2008 inatoa klasi za komenti (majina ya class kwenye HTML ambayo CSS inayashika) yenyewe, we kazi yako kuzipaka rangi tu.

Hatua ya 1. Fanyia kazi kwenye themu mtoto (child theme, themu ndogo inayorithi kila kitu toka themu mama). Ukigusa themu mama, siku ukiapdeti imefutika yote. Bakapu pia, hilo sirudii.

Hatua ya 2. Fungua comments.php. Ukikuta wp_list_comments ruka hatua hii. Themu za kizamani zilizoandika li (tagi inayobeba komenti moja moja) zao kwa mkono, weka hivi:

`<li <?php comment_class(); ?> id="comment-<?php comment_ID(); ?>">`

Neno class usiliandike, fanksheni inaliandika yenyewe. Ukiacha na ile ya zamani zinakuwa mbili, brauza inashika ya kwanza nyingine inaitupa.

Hatua ya 3. Kwenye style.css (hiyo klasi ya mwenyeji tutaitengeneza hatua ya 4):

`.bypostauthor > .comment-body, .mwenyeji > .comment-body { background:#fff6d6; border-left:4px solid #0a7a5a; }`

Hiyo alama ya > msiidharau jamani. Majibu yanakaa ndani ya li ya komenti mama, kwa iyo ukipaka li nzima rangi inawamwagikia na wote waliojibu chini yake.

Hatua ya 4. bypostauthor inampata aliyeandika posti tu, na saiti nyingi posti kaandika fundi, anayejibu ni bosi. Kuna byuser ila inampata kila mwenye akaunti, ukiruhusu watu kujisajili ndo basi tena. Mi naweka klasi yangu, mwenyeji, kwenye functions.php:

```
add_filter( 'comment_class', function( $klasi, $css, $id ) {
  $k = get_comment( $id );
  if ( $k->user_id && user_can( $k->user_id, 'edit_posts' ) ) {
    $klasi[] = 'mwenyeji';
  }
  return $klasi;
}, 10, 3 );
```

edit_posts ni ruhusa ya kuhariri posti, inaanzia akaunti ya ngazi ya kontributa kwenda juu, sabskraiba (msajiliwa wa kawaida) hayumo.

MASWALI

Mdau wa Chumbageni: Shekhe nimebandika kila kitu hamna kilichobadilika

Jibu: Futa kashe (nakala za kurasa zilizohifadhiwa) ya plagini kwanza, halafu Ctrl na F5. Ikigoma bonyeza kulia juu ya komenti ya bosi, chagua Inspect, tafuta neno mwenyeji kwenye li. Lipo? Shida iko kwenye CSS. Halipo? Rudi functions.php.

Dada wa Bagamoyo: Kaka, bosi wangu anajibu kwa simu anajaza jina na imeili kama wageni wengine, rangi haitoki, kwa nini?

Jibu: Haitatoka dada. Asipologini user_id (namba ya akaunti) yake ni 0, hata imeili iwe ileile. Na ndo inavyotakiwa, la sivyo tapeli yeyote angejaza jina la bosi akaweka namba yake ya kulipia, ikapakwa rangi vizuri kabisa. Alogini tu.

Mdau wa Makorora: Mbona kwenye li naona comment-author- halafu jina langu la kulogini, si hatari hii?

Jibu: Ile ni nicename, jina lako linalokaa kwenye linki ya mwandishi, mara nyingi inafanana na jina la kulogini. Nywila haipo pale, ila kwa nini umrahisishie mwizi? Kwenye kodi ya hatua ya 4, juu ya return $klasi bandika hii:

`$klasi = array_filter( $klasi, function( $d ) { return strpos( $d, 'comment-author-' ) !== 0; } );`