Kupima gesi ya galaksi kwa mwanga wa kwasa

Gesi ndiyo inayozaa nyota, na ndiyo inayotupwa nje nyota kubwa zinapolipuka. Kwenye galaksi ya mbali huioni, ila mwanga wa kwasa (kiini king'avu mno cha galaksi ya mbali zaidi) iliyo nyuma ukiipitia, gesi humeza sehemu yake na kuacha mistari myeusi kwenye spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi. Naandika haya baada ya jioni mbili na mwanafunzi mmoja, zote tukipambana na hatua ya tatu.

Hatua ya 1. Pakua spektra ya kwasa kutoka SDSS, mradi wa kupima anga wenye data ya wazi, ni bure. Ifungue kwa lugha ya programu ya Python na maktaba yake ya unajimu, Astropy. Urefu wa mawimbi umehifadhiwa kwa logi, kwa hiyo chukua 10 kwa kipeo cha namba hiyo.

Hatua ya 2. Ichore, uitazame kwa macho yako. Usianze na programu inayotafuta mistari yenyewe. Itaokota mabaki ya mwanga wa anga letu karibu na angstromu 5577 (angstromu ni kipimo cha urefu wa mawimbi) na kuyaita galaksi. Tafuta pacha, mistari miwili ya magnesi iliyopoteza elektroni moja: 2796.35 na 2803.53. Sisi tuliwakuta kwenye 5033.4 na 5046.4. Gawanya 5033.4 kwa 2796.35: 1.8. Toa 1, upate mhamo mwekundu, yaani kiasi mawimbi yalivyorefuka njiani, wa 0.8. Thibitisha kwa mstari wa chuma: 2600.17 mara 1.8 ni 4680.3. Mstari ulikuwepo.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Tulipolinganisha gesi na galaksi yenyewe, gesi ilionekana kukimbia karibu kilomita 88 kwa sekunde. Tulifurahi sana. Mwendo huo ni wa kawaida kabisa kwa galaksi inayozunguka, na ndiyo maana hatukushtuka. Kumbe mwanafunzi alinakili 2795.53 kutoka jedwali la maabara. Namba hiyo ni ya mawimbi yanayopita hewani. Spektra za SDSS zimeandikwa kwa ombwe, yaani mahali pasipo na hewa. Ukichanganya hivi viwili, mhamo unatoka 0.8005, na pacha bado wanalingana vizuri, kwa sababu hewa huwapunguza wote karibu kwa uwiano uleule. Hakuna kitu kwenye mchoro kitakachokuonya. Kwa hiyo soma kichwa cha faili kabla ya kupima: WAVE ni ombwe, AWAV ni hewa. Kama hakisemi lolote, tafuta maelezo ya darubini, usikisie. Jedwali lako la mistari nalo likague vivyo hivyo. Mimi hubadilisha kila kitu kiwe cha ombwe, bila kujali kazi ni ndogo kiasi gani.

Hatua ya 4. Chora mwanga wa kwasa kana kwamba gesi haipo, ugawe spektra kwa huo, kisha pima eneo la kila mstari na uligawe kwa 1.8.

Hatua ya 5. Linganisha pacha. Wa 2796 akiwa na eneo mara mbili ya mwenzake, gesi ni nyembamba na unaweza kuhesabu atomi. Wakikaribia kulingana, mistari imeshiba, yaani gesi ikiongezeka eneo haliongezeki sawia. Hapo waache magnesi, uhesabu kwa mistari dhaifu ya chuma.