Jinsi ya kufuatilia silaha kutoka kiwandani mpaka shimoni, anza na kombora moja tu

Watu wengi wakiongelea nguvu ya jeshi wanahesabu vifaru na ndege, huyu ana ngapi, yule ana ngapi, basi wanafunga mjadala. Mimi nimefanya kazi ya ugavi miaka mingi, viwanda vya kawaida tu siyo vya silaha, na nimeshuhudia mashine ya mamilioni inalala wiki tatu kwa kukosa sili ya mpira inayoenea kwenye kiganja, kwa hiyo nikisoma habari za vita swali langu ni lile lile la stoo: kitu gani kidogo hapa kikikosekana kila kitu kinasimama? Kukitafuta inawezekana kabisa, taarifa nyingi ziko wazi, huhitaji kuiba siri ya mtu.

Kwanza chagua kitu kimoja. Ukianza na "silaha za Marekani" utapotea. Tuchukue kombora la mzinga la milimita 155, hili ambalo Ukraine imekuwa ikililia tangu 2022. Lile la aina ya M795 lina kilo 46 na kitu, yaani mfuko wa saruji umepungukiwa kidogo. Kabla ya vita Marekani ilikuwa inatoa kama 14,000 kwa mwezi, na kule mstari wa mbele maelfu yanarushwa kwa siku moja, piga hesabu mwenyewe.

Ukishachagua, kivunje vipande. Kombora kamili la mzinga ni mwili wa chuma, kilipuzi cha ndani, baruti ya kulisukuma litoke kwenye mtutu, kiwashio cha hiyo baruti, na fyuzi ya kichwani inayolilipusha. Kila kimoja kina njia yake na kiwanda chake na vinakuja kukutana mwishoni kabisa, na kimoja kisipofika hivyo vingine vinne ni mzigo wa kujaza ghala tu.

Mwili tuanze nao. Marekani wana kiwanda Scranton, Pennsylvania, kwenye majengo ambayo zamani yalikuwa karakana ya treni. Pau nene ya chuma inakatwa vipande, kipande kinaingia kwenye tanuru mpaka nyuzi joto kama 1,100, kinatoka kinawaka rangi ya chungwa, mashine inakitoboa katikati na kukivuta mpaka kiwe kama chupa ndefu, halafu kinachongwa, kinapimwa, kinapakwa rangi. Hapo bado ni chuma kitupu hakina madhara. Kinapakiwa kwenda Iowa, zaidi ya kilomita 1,000, na huko ndo wanayeyusha TNT, ndiyo kile kilipuzi cha ndani, na kuimimina, karibu kilo 11 kwa kila kombora, wanaiacha ipoe taratibu kwa mpangilio maalum, halafu wanapiga eksirei. Eksirei kwa sababu ikibaki nafasi ya hewa au ufa humo ndani kombora linaweza kulipuka likiwa bado kwenye mtutu na kuua waliolipakia. Sasa wanasiasa wakisema "ongezeni uzalishaji mara mbili" mimi nafikiria ile TNT inayopoa, ile haijali hotuba ya mtu.

Kwenye kila kipande uliza: nani mwingine anatengeneza hiki? Ukipata jibu "mmoja tu" au "wawili", piga mstari mwekundu. Mfano hiyo hiyo TNT, Marekani waliacha kuitengeneza kwao mwaka 1986, wakawa wananunua nje, na muuzaji wao mkubwa akawa kiwanda cha Nitro-Chem kule Bydgoszcz, Poland. Novemba 2024 ndo wakasaini mkataba wa dola milioni 435 wa kujenga kiwanda kipya Kentucky. Taifa lenye bajeti kubwa ya jeshi kuliko wote duniani.

Baruti ya kusukuma nayo ina kisa chake na hiki nakipenda kwa sababu kinarudi mpaka shambani. Inatokana na nitroselulosi, na nitroselulosi kwa kawaida inatokana na pamba, siyo ile nyuzi ndefu ya kitambaa, hapana, ni yale manyoya mafupi yanayobaki yameng'ang'ania mbegu baada ya pamba kuchambuliwa. Mtu wa Simiyu au Shinyanga aliyewahi kushika mbegu ya pamba kiwandani anayajua, yale yanayoifanya ionekane kama ina ukungu. Ulaya sehemu kubwa ya manyoya hayo wanayaagiza China. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliahidi Ukraine makombora milioni moja ndani ya miezi 12, muda ulipofika walikuwa wamefikisha nusu na kidogo, na baruti ilikuwa moja ya vitu vilivyowakwamisha.

Baada ya hapo hesabu muda, achana na hela kwanza. Hela inapatikana kwa kura moja bungeni, ila muda haupigiwi kura. Angalia Stinger, ile roketi ya begani ya kutungulia ndege. Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ilikuwa haijainunua kwa miaka kama 18, oda zilipokuja 2022 Raytheon wanaoitengeneza wakakuta baadhi ya vipuri vya elektroniki havitengenezwi tena popote, ikabidi wasanifu upya, na wakawaita wastaafu wenye miaka 70 na zaidi warudi kuwafundisha vijana namna ya kuiunga. Kwa hiyo ukifuatilia mnyororo usiandike vifaa tu, andika na watu, fundi akistaafu bila mwanafunzi hicho nacho ni kipuri kimeisha.

Kisha shuka ngazi. Jina unalolisikia kwenye habari ni muunganishaji wa mwisho tu, na hao wenyewe wamebaki wachache, Marekani ilikuwa na makampuni makuu 51 ya ulinzi miaka ya 1990, yameungana yameungana yamebaki 5. Chini yake kuna anayemuuzia, na anayemuuzia huyo, na wa chini huwa hajulikani hata na wa juu. Septemba 2022 Pentagon ilisimamisha kupokea ndege za kivita za F-35 kwa sababu ya sumaku. Lockheed Martin anaunganisha ndege, Honeywell anampa mashine moja ya ndani, kwenye mashine hiyo kuna pampu ya mtengenezaji mwingine, kwenye pampu kuna sumaku, na kwenye sumaku kuna mchanganyiko wa metali za kobalti na samari uliotoka China, kitu ambacho sheria ya manunuzi ya Marekani hairuhusu. Mwezi uliofuata walitoa ruhusa maalum ndege zikaendelea kupokelewa, lakini umeona shimo lilivyo refu.

Vibali pia usivisahau, mzigo unaweza kuwepo na bado usitoke. Mzinga wa kutungulia ndege wa Gepard wa Ujerumani unatumia risasi za milimita 35, Ujerumani walikuwa nazo za Uswisi, 2022 wakataka kuzipeleka Ukraine na Uswisi ikakataa kwa sababu ya sheria yake ya kutoegemea upande. Ikabidi Rheinmetall, kampuni ya silaha ya Ujerumani, wafungue laini mpya ya kutengeneza risasi hizo Ujerumani kwenyewe.

Wapi utapata haya? Pentagon hutangaza kila siku ya kazi, saa 11 jioni kwa saa zao, mikataba mikubwa ya mamilioni ya dola, inataja kampuni, kiasi, mji kazi itakapofanyika na lini itaisha. Soma huo mstari wa mji, ndo wenye utamu. Ripoti za mwaka za makampuni zinaonyesha oda zilizolundikana. Na kuna ripoti ya madini ya migogoro, yale yanayoweza kuwa yanalisha vita huko yanakochimbwa, ambayo makampuni yaliyo kwenye soko la hisa la Marekani huwasilisha kila mwaka mwisho wa Mei, kutokana na kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank ya 2010, mengi yanaambatanisha orodha ya viwanda vinavyoyeyusha bati, tungsteni, tantalamu na dhahabu.

Tantalamu inatengeneza kapasita ndogo ndogo zinazovumilia joto na mtikisiko, ndiyo maana zinapendwa kwenye vifaa vya kuongozea roketi. Ila ukifungua orodha utaona inaishia kwa mwenye tanuru. Ukitaka kuendelea inabidi usome ripoti za wataalamu wa UN kuhusu Kongo: Rubaya, Masisi, Kivu Kaskazini, wachimbaji wa mikono na sepetu, viroba vya koltani, yale mawe yenye tantalamu, vinabebwa mgongoni kuteremka mlima, kuna manegosia, yaani madalali, wananunua, waasi wa M23 wameshika eneo tangu Aprili 2024 na wanatoza ushuru kwa kilo, mzigo unavuka kwenda Rwanda unachanganywa na wa huko. Baada ya hapo karatasi inasema umetoka Rwanda. Mimi nikifuatilia silaha yoyote yenye elektroniki nalazimisha karatasi yangu ifike mpaka kwenye kile kiroba, hata kama hapo katikati nimeweka alama ya kuuliza, kwa sababu yule aliyekibeba ni sehemu ya mnyororo kama alivyo injinia wa kule Marekani, na hakuna jedwali la kampuni lenye safu ya kumwandika.