Somo: Kupanga mafaili ya programu ya kitabibu kwenye kifurushi cha Linux

Kabla hujaandika mstari wowote wa `debian/rules`, faili la maagizo ya kujenga kifurushi, jiulize swali moja kwa kila faili: nani ataliandika? Laweza kuandikwa na kifurushi chenyewe, na msimamizi wa mfumo, na programu ikiwa kazini, au na mtumiaji. Kila jibu lina saraka yake, na ukichanganya majibu hayo kwenye programu ya kitabibu, zinazopotea ni taarifa za wagonjwa.

Hili nimelishuhudia. Kliniki moja ilitumia programu ya kuandikisha wagonjwa. Aliyetengeneza kifurushi aliweka hifadhidata tupu, `wagonjwa.db`, ndani ya `/usr/lib`, na programu ikawa inaandika humo humo. Miezi ikapita salama. Toleo jipya lilipotoka, dpkg, programu inayosakinisha vifurushi vya Debian, ilifanya ilichoagizwa: faili ni la kifurushi, kwa hiyo ikaweka tupu jipya juu ya lililojaa. Tulirudisha nakala ya wiki iliyotangulia, na siku zilizobaki zikaingizwa upya kwa mkono kutoka kwenye kadi za karatasi.

Mfano wetu utakuwa `picha-tiba`, seva ya kubuni inayopokea picha za DICOM, yaani muundo wa kawaida wa picha za kitabibu. Nafuata Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ila mpangilio wa saraka unatokana na FHS (kanuni ya mpangilio wa saraka za Linux), toleo 3.0 la mwaka 2015, kwa hiyo sehemu kubwa inafaa kwingineko pia.

Hatua ya 1. Jua una nini. Sakinisha kwenye saraka ya pembeni uone kila kitu kinakoangukia:

`make install DESTDIR=/tmp/jaribio prefix=/usr`
`find /tmp/jaribio -type f`

Pitia orodha mstari kwa mstari. Inachosha, lakini usiiruke.

Hatua ya 2. Vya kifurushi viende `/usr`. Programu yenyewe `/usr/bin`, maktaba zake za ndani `/usr/lib/picha-tiba`. Visivyotegemea aina ya prosesa, kama aikoni, tafsiri na templeti za ripoti, viende `/usr/share/picha-tiba`. Kamusi ya tagi za DICOM huwachanganya wengi kwa sababu inaonekana kama data. Hakuna anayeiandika baada ya kusakinishwa, basi ni ya `/usr/share`. Ichukulie `/usr` kuwa ya kusomwa tu, hata kama kwenye mashine yako inaandikika.

Hatua ya 3. Vya msimamizi viende `/etc/picha-tiba`. Namba ya poti, jina la seva kwenye mtandao wa DICOM, orodha ya mashine zinazoruhusiwa kutuma. Debhelper, zana za kujengea vifurushi vya Debian, huyaandikisha mafaili ya `/etc` kuwa ya mipangilio, na dpkg humuuliza msimamizi kabla ya kugusa alichobadilisha. Nywila usiisafirishe ndani ya kifurushi kamwe. Itengenezwe na `postinst`, skripti inayoendeshwa baada ya kusakinisha, kwenye faili la peke yake lenye ruhusa 0640 (wengine wasilisome).

Hatua ya 4. Vya programu viende `/var`. Hapa twende polepole.

Picha na hifadhidata zikae `/var/lib/picha-tiba`. Orthanc, seva ya DICOM iliyomo ndani ya Debian, imepangwa hivyo: mipangilio `/etc/orthanc`, picha `/var/lib/orthanc`. Kifurushi kisilete faili lolote huko. Weka muundo wa majedwali `/usr/share`, na programu iunde hifadhidata yake inapoanza mara ya kwanza. Kama kliniki ile ingefanyiwa hivyo, dpkg isingekuwa na la kufuta.

Tengeneza mtumiaji wa mfumo kwa `adduser --system --group`, kisha saraka zenyewe iachie systemd, programu inayoanzisha huduma za mfumo, kwa mistari hii kwenye faili la huduma:

```
User=picha-tiba
StateDirectory=picha-tiba
StateDirectoryMode=0750
CacheDirectory=picha-tiba
CacheDirectoryMode=0750
LogsDirectory=picha-tiba
LogsDirectoryMode=0750
UMask=0027
```

Mistari ya `Mode` ni ya lazima. Usipoiandika, systemd huweka 0755, na kila mwenye akaunti kwenye mashine ataweza kuingia. Logi nazo zilinde vivyo hivyo, maana jina la mgonjwa hupenya humo kwa urahisi.

Vijipicha vya kuonyesha orodha viende `/var/cache`, maana ukivifuta programu itavitengeneza tena bila kumuuliza mtu. Picha iliyopokelewa lakini haijapelekwa kwingine iende `/var/spool`. Usiiweke `/tmp`. Kwenye Debian 13, `/tmp` kwa kawaida iko kwenye kumbukumbu ya RAM, kwa hiyo mashine ikizimika imekwenda. Tena ukubwa wake si wa kubeza: kipande kimoja cha CT chenye pikseli 512 kwa 512, baiti 2 kila pikseli, ni karibu nusu megabaiti, na kipimo kimoja chaweza kuwa na vipande mamia.

Hatua ya 5. Vya mtumiaji. Rangi, ukubwa wa dirisha na kadhalika ni vya `~/.config/picha-tiba`. Kifurushi kisiguse `/home`.

Hatua ya 6. Jaribu kusasisha na kuondoa. Sakinisha toleo la kwanza, ingiza mgonjwa wa kubuni, sasisha, hakikisha bado yupo. Kisha fanya `apt purge`, yaani kuondoa kifurushi pamoja na mipangilio yake. Mipangilio na logi ziondoke. Data za wagonjwa, kwa msimamo wangu, zisifutwe bila kumuuliza mtu waziwazi kupitia debconf, zana ya Debian ya kumuuliza msimamizi maswali.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, programu yetu imeandikwa iandike kwenye `./data`, kando yake. Naweza kuweka kiungo (symlink) kutoka `/usr/lib` kwenda `/var/lib` yakaisha?

Jibu: Kwa kuanzia unaweza, lakini rekebisha msimbo ili njia isomwe kutoka `/etc`. Angalizo, ndugu yangu: kama toleo la zamani lilileta `data` kama saraka, dpkg haitaigeuza kuwa kiungo yenyewe. Tumia `dpkg-maintscript-helper dir_to_symlink`, na uhamishe data kwanza.

Swali: Picha zetu ziko kwenye diski ya peke yake. Kifurushi kielekeze `/srv`?

Jibu: Hapana, mpangilio wa `/srv` ni wa msimamizi. Kifurushi kibaki na `/var/lib`, naye apachike diski hapo. Mstari wa `StateDirectory` wa Hatua ya 4 tayari unaifanya systemd iisubiri diski hiyo; kama huutumii, ongeza `RequiresMountsFor=/var/lib/picha-tiba` kwenye faili la huduma. Bila mmojawapo wa mistari hiyo, seva inaweza kuanza kabla diski haijapachikwa na kuandika kwenye diski ya mfumo. Diski ikishapachikwa, picha zile zinafunikwa, na daktari anaziona hazipo.

Swali: Sisi tunauza programu yetu wenyewe, haimo ndani ya Debian. `/opt` inafaa?

Jibu: Inafaa, ndiyo kazi yake. Lakini usirundike kila kitu humo. Mipangilio iende `/etc/opt/picha-tiba`, data `/var/opt/picha-tiba`, na `/opt/picha-tiba` ibaki na yale tu ambayo toleo jipya linaruhusiwa kuyafuta.