Jinsi ya kufiti modeli ya protini kwenye ramani ya krayo-EM kwa laptop yako

Wakuu habari zenu. Hii ni kwa wanafunzi wa Muhimbili, UDSM na popote hapa Dar mnaodhani huwezi kugusa protini mpaka uwe na hadubini ya elektroni ya mabilioni. Krayo-EM ni kupiga picha protini zilizogandishwa kwa hadubini hiyo, na picha zikiunganishwa zinatoa ramani ya umbo la protini. Picha zilishapigwa, ramani zipo bure kule EMDB, yaani hifadhi ya mtandaoni ya ramani hizi, we unahitaji laptop, bando na subira.

Tutatumia beta-galaktosidase ya bakteria E. coli, ramani EMD-2984 ya 2015, rezolusheni (ukali wa picha) angstromu 2.2, yaani iko wazi kiasi kwamba macho yanazoea haraka.

Hatua ya 1. Daunlodi ChimeraX, programu ya kuonyesha ramani na modeli, afu kwenye sehemu ya kuandika amri weka:
open 2984 from emdb
Faili lake zito, kama una bando la usiku subiri usiku. Ikifunguka sogeza ile slaida ya kontua (kiwango cha ramani kinachoonyeshwa) taratibu mpaka vumbi lipotee ila minyororo isikatike katika.

Hatua ya 2. Leta modeli ya AlphaFold, programu inayokisia umbo la protini kutokana na mfuatano wa asidi amino zake:
alphafold fetch P00722
Bluu maana yake programu inajiamini, njano na chungwa haijiamini. Futa sehemu zenye alama ya kujiamini chini ya 70:
delete #2@@bfactor<70

Hatua ya 3. Fiti, yaani ikalishe modeli ndani ya ramani:
fitmap #2 inMap #1 resolution 2.2 search 100
Protini hii ina minyororo minne inayofanana na modeli yako ni mmoja tu, kwahiyo usishangae robo tatu ya ramani ikibaki tupu, wale wengine watatu utawaweka baadae kwa simetria ya D2, yaani mpangilio wa minyororo minne inayofanana ukiizungusha.

Hatua ya 4, na hapa ndo kazi yenyewe, usikimbie. Hifadhi modeli uliyofiti, afu ifungue na ramani kwenye Coot, programu ya kurekebisha modeli kwa mkono, pita asidi amino moja baada ya nyingine. Anza na triptofani na tairosini maana pete zake ni kubwa na kwenye rezolusheni hii unaziona kabisa, zikikaa vizuri ujue mfuatano haujateleza, zikiwa nje ya densiti (zile sehemu zilizojaa za ramani) basi rudi nyuma utafute ulipoanzia kuteleza. AlphaFold imekisia tu, ramani ndo imepimwa, zikigombana fuata ramani. Ila glutamati na aspartati zina densiti hafifu kwasababu mionzi ya elektroni inaziharibu mapema na chaji yao hasi inachangia, kwahiyo usizizungushe kwa nguvu kutafuta densiti ya jirani, watu wengi sana wanaharibu modeli nzuri hapo. Na ile 2.2 ni wastani, pembeni ya protini kuna ukungu zaidi kuliko katikati.

Hatua ya 5. Phenix, programu inayorekebisha modeli yenyewe ifuate ramani, bure kwa wanavyuo:
phenix.real_space_refine modeli.pdb ramani.map resolution=2.2
Ukimaliza angalia klashi (atomu zinazogongana) na Ramachandran (kipimo cha pembe za uti wa mnyororo), lakini Ramachandran nzuri peke yake isikutulize kwasababu programu yenyewe inaivuta ikae vizuri wakati wa kurekebisha, angalia na CaBLAM pia, kipimo kingine cha uti wa mnyororo.

Mwisho kabisa, sio kabla, fungua 5A1A, namba ya modeli ya wenye ramani kwenye hifadhi ya PDB, linganisha na yako. Utaona wao wameweka maji, magnesiamu na kizuizi cha kimeng'enya kinachoitwa PETG, AlphaFold haikukupa hivyo vyote, kwahiyo rudi kwenye densiti iliyobaki bila mwenyewe uanze kuvijaza.